Haki za Mikataba na Sheria ya Ushirikiano katika Uhifadhi wa Bahari: Historia ya Mpango wa Northwest Straits katika Jimbo la Washington, 1854–2018

1.0 Utangulizi

Tarehe 13 Novemba 1998 ilipitishwa rasmi nchini Marekani sheria pana ya masuala ya uvuvi iliyokuwa na sehemu fupi ya kuanzisha Mpango wa Uhifadhi wa Bahari wa Northwest Straits. Eneo lililohusika ni maji ya kaskazini-magharibi mwa jimbo la Washington, yaani mlangobahari wa Juan de Fuca unaopakana na Kanada, maji yanayozunguka visiwa vya San Juan, na sehemu ya kaskazini ya Puget Sound. Sheria hiyo ilikuwa ya namna yake. Haikutangaza hifadhi, haikumkataza mtu kuvua, wala haikuweka adhabu kwa yeyote. Iliunda tume isiyo na uwezo wa kutunga kanuni, ikaiegemeza juu ya kamati za wananchi katika kaunti saba, na ikatenga nafasi kwa makabila ya asili ya eneo hilo.

Katika maelezo yaliyozoeleka, mpango huu huchukuliwa kuwa kielelezo cha uhifadhi wa hiari: wananchi waliikataa amri ya serikali kuu, wakakaa pamoja, wakaamua wenyewe namna ya kuitunza bahari yao. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ni nusu ya historia. Yanaacha swali moja bila jibu: ilikuwaje makabila, ambayo kwa karibu karne nzima watu wake walikamatwa na kushtakiwa kwa kuvua samaki katika maji hayohayo, yakawa mwaka 1998 na nafasi katika meza ya maamuzi kwa mujibu wa sheria?

Hoja kuu ya insha hii ni kwamba ushirikiano uliowekwa na sheria ya 1998 ulikuwa tunda la haki ambazo tayari zilikuwa zimethibitishwa na mahakama, wala haukuwa mbadala wa haki hizo. Mikataba ya 1854 na 1855, pamoja na hukumu za 1974, 1979 na 1994, ndiyo iliyoyaondoa makabila katika daraja la waombaji na kuyaweka katika daraja la wasimamizi. Ili kuitetea hoja hiyo, insha inafuata mtiririko wa wakati: kwanza mikataba yenyewe, kisha mapambano ya mtoni na mahakamani, halafu mazingira yaliyoizaa sheria, muundo wake, utekelezaji wake, na hatimaye mipaka yake.

2.0 Mikataba ya 1854 na 1855

Katikati ya karne ya 19, Washington haikuwa jimbo bali eneo lililokuwa chini ya serikali ya shirikisho. Gavana wake wa kwanza, Isaac Stevens, alipewa pia jukumu la kushughulikia mambo ya wenyeji, na kazi yake kubwa ilikuwa kupata ardhi kwa ajili ya walowezi. Kwa muda wa wiki chache tu alifunga mikataba kadhaa mfululizo: Medicine Creek mnamo tarehe 26 Desemba 1854, Point Elliott tarehe 22 Januari 1855, Point No Point tarehe 26 Januari, na Neah Bay tarehe 31 Januari. Kwa mikataba hiyo makabila yaliachia sehemu kubwa mno ya ardhi yao na kubakiziwa maeneo madogo ya makazi.

Hata hivyo, wazee waliokaa katika mabaraza hayo hawakukubali kuachia samaki. Kwa Walummi, Waswinomish, Wasuquamish, Wa-S'Klallam na wenzao, salmoni alikuwa chakula, bidhaa ya biashara na kiini cha ibada na karamu. Kwa hiyo kila mkataba uliweka kifungu kinachofanana na vingine: haki ya kuvua katika maeneo yote ya kawaida na ya mazoea ilibaki kwa makabila, wakiitumia kwa pamoja na raia wa eneo hilo. Kifungu hicho kilihusu pia viumbe wa kombe, isipokuwa katika sehemu zilizowekewa alama au kupandwa na raia. Mkataba wa Neah Bay uliofungwa na Wamakah uliongeza haki ya kuwinda nyangumi na sili, kwa kuwa watu hao waliishi kwa bahari kuliko nchi kavu.

Mambo mawili katika mikataba hiyo yana uzito wa pekee kwa historia iliyofuata. La kwanza ni lugha. Mazungumzo yaliendeshwa kwa Chinook, lugha ya biashara yenye msamiati wa maneno mia chache tu, ambayo haikuweza kubeba dhana za kisheria za Kiingereza. Kwa sababu hiyo mahakama za baadaye zilishikilia kanuni kwamba mikataba ifasiriwe kama makabila yenyewe yalivyoielewa wakati wa kuifunga, na si kama mwanasheria angeisoma. La pili ni asili ya haki yenyewe. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Winans la mwaka 1905, ilieleza kwamba mkataba haukuwa zawadi ya haki kutoka kwa serikali kwenda kwa makabila, bali makabila ndiyo yaliyotoa haki na kubakiza yale ambayo hayakutolewa. Kwa msingi huo, uvuvi wa makabila haukuwa hisani ya serikali bali mali yao ambayo haikuwahi kuuzwa.

3.0 Kutoka Mtoni hadi Mahakamani, 1877–1979

Kiwanda cha kwanza cha kusindika salmoni katika makopo huko Puget Sound kilianzishwa Mukilteo mwaka 1877. Washington ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1889, uvuvi wa kibiashara ulikuwa tayari umeanza kuubadili uso wa pwani. Mitego mikubwa ilijengwa baharini kwenye njia za samaki, ikiwanasa kabla hawajafika mitoni walikovua wenyeji. Mitego hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1934 kwa kura ya wananchi, lakini mashua za kibiashara ziliendelea kuongezeka, huku misitu ikikatwa na mabwawa ya umeme yakijengwa juu ya mito.

Salmoni walipopungua, mamlaka za jimbo ziliuelekeza mkono wa sheria kwa wavuvi waliokuwa mwisho wa njia, yaani makabila. Kwa jina la uhifadhi, uvuvi wa nyavu mitoni ulizuiwa na wavuvi wa asili wakakamatwa, ingawa wengi wa samaki walikuwa wamekwisha kuvuliwa baharini na watu wengine. Jambo hili lapaswa kuzingatiwa na kila anayechunguza sheria za uhifadhi: katika historia ya eneo hili, neno uhifadhi liliwahi kutumika kama chombo cha kuwanyima wenye haki haki yao. Mashaka ambayo makabila yaliyaonyesha baadaye dhidi ya maeneo tengefu ya bahari yalikuwa na chimbuko hapo.

Billy Frank Jr., Mnisqually aliyezaliwa mwaka 1931, alikamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na umri wa miaka 14 kwa kuvua katika mto wa kwao. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake waliendesha uvuvi wa maandamano katika mito ya Nisqually na Puyallup: walitega nyavu hadharani wakijua watakamatwa, ili suala la mikataba lifike mahakamani na machoni pa taifa. Picha za polisi wakiwapiga wavuvi kando ya mto zilienea nchini. Mwaka 1970 serikali ya shirikisho, ikiwa mdhamini wa makabila, iliishtaki Washington.

Hukumu ilitolewa na Jaji George Boldt tarehe 12 Februari 1974. Baada ya kusikiliza ushahidi wa wazee wa makabila na wa wanaanthropolojia, Boldt aliamua kwamba maneno ya kuvua kwa pamoja na raia yalimaanisha kugawana sawa, na kwamba makabila yalistahili fursa ya kupata hadi asilimia 50 ya samaki wanaoweza kuvuliwa katika maeneo yao ya mazoea. Jambo ambalo halikutajwa sana wakati huo, lakini ambalo lilikuwa na matokeo ya kudumu, ni kwamba hukumu iliyatambua makabila kuwa na uwezo wa kusimamia uvuvi wao yenyewe. Ili kuutumia uwezo huo yalihitaji wanabiolojia, takwimu, kanuni na walinzi. Mwaka huohuo yaliunda Tume ya Uvuvi ya Wahindi wa Kaskazini-Magharibi, ambayo leo inayaunganisha makabila 20 yenye mikataba magharibi mwa Washington. Billy Frank Jr. aliiongoza kwa takribani miongo mitatu hadi kifo chake mwaka 2014.

Jimbo halikuipokea hukumu hiyo kwa hiari. Wavuvi walivunja kanuni waziwazi, mahakama za jimbo zikaweka vikwazo, na Boldt akalazimika kuusimamia uvuvi kwa amri za mahakama ya shirikisho. Ni baada ya Mahakama ya Juu kuithibitisha kwa sehemu kubwa hukumu hiyo tarehe 2 Julai 1979 ndipo viongozi wa jimbo walipoanza kutafuta njia ya kuishi nayo. Usimamizi wa pamoja kati ya jimbo na makabila ulikua polepole katika miaka ya 1980, na mwaka 1989 serikali ya jimbo na makabila zilitia saini Mapatano ya Karne, yaliyoweka msingi wa mahusiano ya serikali kwa serikali. Kwa hiyo, kufikia wakati huo, swali halikuwa tena kama makabila yahusishwe, bali kwa utaratibu gani.

4.0 Hifadhi Iliyokataliwa na Sheria Iliyokubaliwa

Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 kuhusu ulinzi wa bahari iliiwezesha serikali ya shirikisho kutangaza hifadhi za bahari za taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 maji ya Northwest Straits yaliwekwa miongoni mwa maeneo yaliyofikiriwa kupewa hadhi hiyo, sambamba na pwani ya Olympic iliyoelekea bahari kuu ya Pasifiki. Hatima za maeneo hayo mawili zilitofautiana. Pwani ya Olympic ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Pendekezo la Northwest Straits lilizimika katikati ya muongo huo kutokana na upinzani wa wenyeji.

Upinzani huo ulitoka pande nyingi. Wavuvi waliogopa kufungiwa maji. Wamiliki wa ardhi ya ufukweni waliogopa kuingiliwa katika matumizi ya mali yao. Viongozi wa kaunti waliona kwamba maamuzi yangehamia mbali nao. Lakini kushindwa kwa pendekezo hakukuondoa tatizo lililolizaa. Samaki wa miambani na wa sakafu ya bahari walikuwa wamepungua sana, fukwe za kuvunia chaza na kombe zilifungwa mara kwa mara kwa uchafuzi, na nyasi bahari zilikuwa zikipotea. Mnamo Machi 1999 salmoni aina ya chinook wa Puget Sound waliorodheshwa chini ya sheria ya shirikisho ya viumbe walio hatarini.

Mfano wa njia nyingine ulikwisha kuonekana San Juan, kaunti ya visiwa, ambako Kamati ya Rasilimali za Bahari ya wananchi iliundwa katikati ya miaka ya 1990 na kuanza kutenga sehemu ambazo wavuvi waliombwa kwa hiari wasivue samaki wa sakafu ya bahari. Mwaka 1997 Seneta Patty Murray wa chama cha Democratic na Mbunge Jack Metcalf wa chama cha Republican waliitisha tume ya ushauri ya wananchi ili kutafuta mbadala wa hifadhi ya taifa. Ripoti ya tume hiyo, iliyotolewa mwaka 1998, ilipendekeza kuueneza mfano wa San Juan katika kaunti saba. Miezi michache baadaye pendekezo hilo likawa sheria.

Ushiriki wa Metcalf unastahili kuangaliwa kwa makini. Alipokuwa seneta wa jimbo alikuwa miongoni mwa watetezi wakuu wa hoja namba 456 iliyopigiwa kura na wananchi mwaka 1984, ambayo ilipinga haki maalumu za makabila juu ya samaki. Hoja hiyo ilipita, ingawa haikuweza kuibadili sheria ya shirikisho. Zaidi ya hayo, katika miaka ileile ya kuandaa Mpango wa Northwest Straits, Metcalf alikuwa mlalamikaji katika shauri la kuwazuia Wamakah wasiwinde nyangumi. Wamakah walimuua nyangumi mmoja tarehe 17 Mei 1999, mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 70, na mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya shirikisho iliamua kwa upande wa Metcalf na wenzake kwamba tathmini ya mazingira haikufanywa ipasavyo.

Kwamba mwanasiasa mwenye msimamo huo alishiriki kuandaa sheria iliyotambua nafasi ya makabila ni jambo linalohitaji maelezo. Inawezekana kulieleza kwa kusema kwamba uhifadhi wa ngazi ya kaunti uliwavutia watu wa mirengo yote. Maelezo hayo hayatoshi. Kufikia 1998 haingewezekana kisheria kuandaa mpango wowote wa samaki katika maji hayo bila makabila, awe mwandishi wake anawaunga mkono au hawaungi. Mwaka 1994 Jaji Edward Rafeedie alikuwa ameamua kwamba mgawo wa nusu kwa nusu ulihusu pia viumbe wa kombe, pamoja na fukwe zinazomilikiwa na watu binafsi, na mwaka 1998 Mahakama ya Rufani iliithibitisha sehemu kubwa ya uamuzi huo. Nafasi ya makabila katika sheria haikutegemea moyo wa mtunga sheria. Ilitegemea hali ya sheria aliyoikuta.

5.0 Muundo wa Sheria na Nafasi ya Makabila

Mpango ulisimama juu ya ngazi mbili. Ngazi ya chini ni Kamati za Rasilimali za Bahari katika kaunti za Clallam, Jefferson, Island, San Juan, Skagit, Snohomish na Whatcom. Kila kamati ilikusudiwa kuwa na uwiano wa wajumbe kutoka serikali za mitaa, makabila yenye usimamizi wa pamoja, wanasayansi, na watu wenye maslahi ya kiuchumi, ya burudani na ya uhifadhi. Ngazi ya juu ni Tume ya Northwest Straits, inayopokea mjumbe kutoka kila kamati ya kaunti, wajumbe wanaoteuliwa na gavana, na uwakilishi wa makabila unaoteuliwa na Waziri wa Mambo ya Ndani wa shirikisho baada ya kushauriana nayo. Ikumbukwe kwamba wizara hiyo nchini Marekani haishughulikii polisi bali ardhi za umma na mahusiano na makabila.

Utaratibu huu wa uteuzi una maana. Gavana hakupewa uwezo wa kumchagua msemaji wa makabila, kwa kuwa makabila hayako chini ya jimbo. Uteuzi ulipitishwa kwa waziri wa shirikisho kwa sababu ya wajibu wa udhamini ambao serikali kuu inao kwa makabila kutokana na mikataba. Kwa njia hiyo mikataba ya 1855 inaonekana ndani ya sheria ya 1998 hata pale isipotajwa.

Hata hivyo, muundo huo ulikuwa na utata. Kabila lenye mkataba ni serikali. Lina mipaka, mahakama na kanuni zake za uvuvi. Ndani ya kamati ya kaunti, mwakilishi wa serikali hiyo aliketi kama mjumbe mmoja kando ya mwakilishi wa wavuvi wa burudani au wa wafanyabiashara, na katika tume sauti ya makabila mengi ilibebwa na uwakilishi mdogo sana. Kwa mtazamo wa makabila, kuwekwa katika safu moja na wadau kulihatarisha kile kilichopatikana kwa jasho la miaka mingi, yaani kutambuliwa kuwa washirika wa kiserikali. Kwa hiyo kushiriki katika Mpango hakukuweza kuchukua mahali pa mashauriano ya serikali kwa serikali, na makabila yaliendelea kuyadai mashauriano hayo kando ya vikao vya kamati.

Ni hapa ambapo udhaifu unaotajwa sana wa sheria ya 1998, yaani kutokuwa na uwezo wa kutunga kanuni, unapata sura nyingine. Kwa wamiliki wa ardhi na wavuvi, kukosa uwezo huo kulikuwa dhamana kwamba hifadhi iliyokataliwa haitarudi kwa mlango wa nyuma. Kwa makabila kulikuwa dhamana ya aina tofauti: tume isiyoweza kutunga kanuni haiwezi kuipunguza haki ya mkataba. Pande zilizokuwa zikishtakiana kwa robo karne ziliweza kukaa pamoja kwa sababu hakuna upande uliotakiwa kuacha madai yake mlangoni.

6.0 Utekelezaji

Kazi iliyoutambulisha Mpango zaidi kuliko nyingine ni uondoaji wa nyavu zilizotelekezwa baharini. Nyavu za nailoni zilizopotea wakati wa kilele cha uvuvi wa salmoni hazikuoza. Zilibaki zimenasa kwenye miamba, zikiendelea kuua samaki, kaa, ndege na mamalia wa bahari mwaka baada ya mwaka. Kazi ya kuziondoa ilianza mwaka 2002 kwa kutumia wapiga mbizi, na kwa muda wa zaidi ya muongo mmoja nyavu zaidi ya 5,000 ziliondolewa, pamoja na maelfu ya mitego ya kaa. Sheria ya jimbo ya mwaka 2002 iliitaka idara ya uvuvi kuandaa miongozo ya kazi hiyo kwa kushirikiana na Tume ya Northwest Straits.

Ufanisi wa kazi hiyo unaeleweka vizuri ukitazamwa katika muktadha wa historia iliyotangulia. Nyavu zilizozama zilikuwa za wavuvi wa asili na wasio wa asili. Kuuliza ni nani aliyepoteza wavu upi kungefufua ugomvi wa miaka ya 1970. Mpango ulichagua kutouliza: taarifa za nyavu zilipokelewa bila kumtafuta wa kulaumiwa. Juhudi za kurejesha chaza wa asili aina ya Olympia katika ghuba ya Fidalgo, kaunti ya Skagit, nazo zilikusanya wananchi, wanasayansi na Waswinomish katika kazi ambayo faida yake haikuhitaji kugawanywa kwanza ndipo ianze.

Suala la maeneo tengefu lilikuwa gumu zaidi. Ripoti ya 1998 ilikuwa imetaja mtandao wa maeneo hayo kuwa mojawapo ya malengo ya Mpango, na mwaka 2004 kaunti ya San Juan iliyatangaza maji yake yote kuwa eneo la utunzaji wa bahari, bila marufuku mpya ya uvuvi. Makabila, kupitia tume yao ya uvuvi, yaliweka msimamo kwamba eneo tengefu lisianzishwe katika maeneo yao ya mazoea bila mashauriano, sababu za kisayansi zilizo wazi, na kuzingatia haki za mikataba. Sababu yao ilikuwa ya msingi. Mvuvi wa kawaida akifungiwa ghuba moja aweza kuhamia nyingine. Haki ya kabila imefungamana na mahali maalumu palipothibitishwa mahakamani, na mahali hapo pakifungwa, haki hiyo haina pa kuhamia. Msimamo huo uliwahi kuonekana kama kikwazo kwa uhifadhi, lakini ukisomwa pamoja na historia ya miaka ya kukamatwa kwa wavuvi mitoni, unaeleweka kuwa ni dai kwamba mzigo wa kuponya bahari usibebwe tena na wale ambao hawakuiharibu.

Mfano wa Mpango ulienea nje ya mipaka yake. Mwaka 2007 bunge la jimbo lilitunga sheria iliyoruhusu kaunti nyingine za Puget Sound na za pwani ya bahari kuu kuunda kamati za aina hiyo. Mwaka huohuo, katika hifadhi ya pwani ya Olympic, Wamakah, Waquileute, Wahoh na Waquinault waliunda pamoja na serikali ya jimbo na wakala wa shirikisho Baraza la Sera la Kiserikali. Baraza hilo lilijibu ule utata uliotajwa katika sehemu ya tano, kwani humo makabila hayakuketi kama wadau bali kama serikali.

7.0 Mipaka ya Ushirikiano

Udhaifu wa kwanza wa Mpango ulikuwa fedha. Mpango uliotegemea bajeti ya shirikisho iliyoombwa mwaka hadi mwaka uliyumba kila upepo wa siasa ulipobadilika. Rick Larsen, aliyemrithi Metcalf bungeni mwaka 2001, aliwasilisha zaidi ya mara moja miswada ya kuupa uhai mpya wa kisheria, na fedha zikatafutwa katika mikondo mingine ya urejeshaji wa Puget Sound.

Udhaifu wa pili ulihusu aina ya madhara yanayoweza kushughulikiwa kwa hiari. Wavu uliozama huondolewa kwa makubaliano. Barabara inayoziba mto haiondolewi hivyo. Mwaka 2001 makabila, pamoja na serikali ya shirikisho, yaliirudia mahakama ileile ya kesi ya Boldt yakidai kwamba makalavati ya barabara za jimbo yaliwazuia salmoni kupanda mito, na kwamba haki ya kuvua haina maana iwapo jimbo lenyewe linaharibu makazi ya samaki. Jaji Ricardo Martinez aliyakubali madai hayo mwaka 2007, na mwaka 2013 akaliamuru jimbo kurekebisha makalavati hayo. Tarehe 11 Juni 2018 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika wanne kwa wanne, mmoja akiwa amejitoa, na kwa mgawanyiko huo uamuzi wa chini ukabaki kuwa sheria.

Shauri hilo linaonyesha mgawanyo wa kazi kati ya njia mbili za kuilinda bahari. Kamati za kaunti ziliweza kufanya yale ambayo hakuna aliyepata hasara kubwa kuyakubali. Yaliyohitaji mabilioni ya dola na mabadiliko ya miundombinu yalisubiri nguvu ya mkataba. Haingefaa, hata hivyo, kusema kwamba kamati hazikuwa na maana. Hukumu huweka wajibu, lakini haimfundishi mkazi wa ufukweni kuzitambua nyasi bahari wala haimpeleki mpiga mbizi chini kukata wavu.

8.0 Hitimisho

Insha hii imefuatilia historia ya sheria fupi ya mwaka 1998 hadi chimbuko lake katika mikataba ya 1854 na 1855. Imebainika kwamba sheria hiyo ilifaulu kuwaleta pamoja wapinzani wa zamani kwa kuwa haki za msingi zilikuwa zimekwisha kuamuliwa mahali pengine, na kwa kuwa yenyewe haikuwa na uwezo wa kuzigusa. Imebainika pia kwamba pale sheria ilipoyaweka makabila katika safu ya wadau, makabila yenyewe yalitafuta vyombo vingine vilivyotambua hadhi yao ya kiserikali.

Kwa watafiti wa sheria za uhifadhi shirikishi, somo la historia hii linahusu mpangilio wa hatua. Mara nyingi ushirikishwaji wa jamii za asili hupendekezwa kama njia ya kuepuka mgogoro juu ya haki, kana kwamba kikao cha pamoja kinaweza kutangulia na suala la umiliki likaachwa kwa siku nyingine. Katika Northwest Straits mambo yalikwenda kinyume cha hapo. Mgogoro ulitangulia, ukapiganwa mtoni na mahakamani kwa zaidi ya miongo minne, ukatoa hukumu, na hukumu ikazaa washirika wenye wanabiolojia wao, kanuni zao na neno lisiloweza kupuuzwa. Kamati za kaunti zilikuja baadaye. Anayetaka kuiga kamati hizo mahali ambapo haki za wavuvi wa asili hazijatambuliwa ataweza kuunda vikao na kuandika kumbukumbu, lakini swali la nani mwenye bahari litabaki pale lilipokuwa.